Aliyeshika Nafasi ya 39

Naeleza hoja yangu tangu mwanzo, ili msomaji asije akalalamika kwamba nimemzungusha. Sisi watu wa Bariadi, na Usukuma wote kwa jumla, tunazo mbio za baiskeli lakini hatuna mchezo wa baiskeli. Waendeshaji tunao, tena hodari, lakini hatuna hata daftari moja linalosema walikuwa akina nani, walitoka kijiji gani, na walikwenda umbali gani kwa saa ngapi. Sababu wanazotoa wakubwa wetu kueleza hali hii nimezisikia kwa miaka zaidi ya arobaini, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na sasa nikiwa mzee mstaafu ninayekaa barazani. Naziona kuwa ni visingizio. Nakusudia kuzipitia moja baada ya nyingine, na shahidi wangu ni mtu wa Rwamagana, Rwanda, ambaye katika mashindano makubwa kuliko yote aliyopata kushiriki alishika nafasi ya 39.

Jina lake ni Adrien Niyonshuti. Alizaliwa Januari 1987, mashariki ya Rwanda, upande ule unaotazamana na mkoa wetu wa Kagera. Mauaji ya kimbari yalipotokea mwaka 1994 alikuwa mtoto wa miaka 7, wa umri wa kuingia darasa la kwanza. Ndugu zake sita waliuawa. Alikua katika nchi ambayo baiskeli ilikuwa chombo cha kubebea viazi, ndizi, maji na abiria, kama ilivyokuwa kwetu, na alijifunzia mbio juu ya baiskeli ya chuma iliyokwisha kutumika. Hakuna katika habari hizo neno lolote ambalo mtu wa Maswa, Itilima au Meatu ataliona geni, ila hilo la mauaji, ambalo tumshukuru Mungu kwamba halikutufika.

Mwaka 2006 Mmarekani mmoja mtengenezaji wa baiskeli, Tom Ritchey, alifanya mashindano nchini humo, na mojawapo ya mbio zilikuwa za baiskeli za mbao, zile ambazo wakulima wa huko huzichonga wenyewe kwa shoka. Mwaka uliofuata akaja Mmarekani mwingine, Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa mtu wa kwanza wa nchi yake kushiriki Tour de France. Boyer aliwakusanya vijana, akawapima nguvu za miguu na mapafu, akaandika matokeo. Niyonshuti alikuwa mmoja wao. Mwaka huohuo wa 2007 alipelekwa Afrika Kusini katika mbio za milimani za siku nane ziitwazo Cape Epic. Mwaka 2008 alishinda mbio za kuzunguka nchi yake, Tour du Rwanda. Mwaka 2009 timu ya Afrika Kusini, MTN, ilimwajiri, akawa mwendesha baiskeli wa kulipwa, akapelekwa Ulaya na kushindana katika Tour of Ireland, ambako Lance Armstrong naye alikuwamo.

Mwaka 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, alibeba bendera ya Rwanda kuingia uwanjani. Tarehe 12 Agosti alishindana katika mbio za baiskeli za milimani, akamaliza wa 39. Mwaka 2016 alibeba tena bendera huko Rio de Janeiro. Tour de France hakupata kuipanda. Hiyo ndiyo kazi yake kwa kifupi, na mtu anayependa vikombe atauliza: je, cha kusifu hapo ni kipi? Swali hilo nitalijibu, lakini kwanza niviondoe visingizio vilivyotangulia njiani.

Kisingizio cha kwanza husema kwamba baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba mkoa unaotaka maendeleo hauwezi kujivunia kitu ambacho unatafuta kukiacha. Nilimsikia ofisa mmoja akisema hivyo katika mkutano wa hadhara, tena kwa kejeli, na watu wakacheka. Nami nilitazama waliokuwa wakicheka, nikaona baiskeli zao zimeegemezwa kwenye miti nyuma yao.

Ndugu msomaji, tukumbushane kidogo. Katika nchi hii hakuna mtu anayetajwa pamoja na baiskeli kama Msukuma. Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwa hilo, na utani huo tunaupokea. Lakini baiskeli hiyo haikuletwa na umaskini. Ililetwa na pamba. Baba zetu walivuna, wakauza kwenye vyama vya ushirika, na wengi wao kitu cha kwanza walichonunua baada ya ng'ombe na bati kilikuwa Raleigh. Baadaye zikaja Phoenix za Kichina, na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam. Mtu mwenye baiskeli alikuwa na heshima yake. Aliipamba kwa maua ya plastiki, akafunga kioo na kengele, na keria akaiimarisha kwa nondo ili ibebe gunia. Kwa baiskeli hiyo mjamzito alifikishwa zahanati, mtoto alifikishwa shule ya sekondari, na mwalimu wa zamu alifuata mishahara ya wenzake wilayani. Mimi mwenyewe nilipomaliza masomo ya ualimu Butimba, nilikwenda kuripoti kituo changu cha kwanza kwa baiskeli, sanduku likiwa limefungwa nyuma kwa mpira.

Kitu kilichobeba uchumi wa watu kwa vizazi vitatu hakigeuki aibu kwa sababu pikipiki zimekuja. Wakulima wa Ulaya nao walipanda baiskeli kwenda mashambani, na mchezo huu uliokuja kuwatajirisha baadhi ya watoto wao ulitoka hukohuko. Chukueni Hispania. Mwaka 1933 Tour de France ilianza kutoa rasmi tuzo ya mwendeshaji bora wa milimani, na aliyeichukua mwaka huo alikuwa Vicente Trueba, kijana mfupi, mwepesi, kutoka Torrelavega, kaskazini ya nchi hiyo. Wafaransa walimwita kiroboto. Hakuwa na timu. Alikuwa katika kundi la waliojitegemea, wale ambao hakuna aliyewaandalia malazi wala kuwangoja barabarani. Alipanda milima kuliko wote, lakini kwenye mteremko wakubwa walimfikia na kumwacha, kwa hiyo hakupata kushinda hata hatua moja ya mashindano hayo. Mwisho wa safari alikuwa wa 6.

Ikapita miaka 26. Mwaka 1959 Mhispania wa kwanza akashinda Tour de France yenyewe. Huyo ni Federico Bahamontes wa Toledo, ambaye ujanani, katika njaa iliyofuata vita ya wenyewe kwa wenyewe, alibeba bidhaa za sokoni kwa baiskeli ili kwao wapate chakula. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 95, na nchi nzima ikamlilia. Naomba mtu aniambie tofauti kati ya kijana huyo wa Toledo na kijana wa Dutwa anayebeba gunia la mpunga kwenda mnadani. Mmoja alibeba mzigo katika nchi iliyokwisha kuandika jina la Trueba. Huyu wa kwetu anabeba katika nchi ambayo haijaandika jina la yeyote.

Kisingizio cha pili ni fedha. Tunaambiwa kwamba baiskeli za mbio ni ghali mno, kwamba zina gia nyingi na fremu nyepesi za gharama kubwa, kwamba mchezo huu ni wa matajiri. Ni kweli kwamba baiskeli hizo ni ghali. Si kweli kwamba mchezo huanzia hapo. Miongoni mwa wenzake Niyonshuti alikuwamo Abraham Ruhumuriza, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli ili aishi, na Gasore Hategeka, yatima aliyekuwa akibeba mizigo ya viazi. Watu hao walijulikana kwa nguvu zao kabla hawajaona baiskeli nyepesi. Baiskeli nyepesi ziliwafuata walipo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekwisha kujua majina yao.

Hapa sitaficha jambo ambalo wapinzani wangu watalitumia. Rwanda ilisaidiwa sana na wageni. Boyer alikuwa mgeni, Ritchey alikuwa mgeni, na vifaa vingi vya mwanzo vilikuwa vya msaada. Mtu anaweza kusema: basi na sisi tungoje mgeni wetu. Nami nasema tutazame Eritrea. Mchezo wa baiskeli uliletwa huko na Wataliano wakati wa ukoloni, kisha Wataliano wakaondoka na wenyeji wakaendelea nao wenyewe, kupitia vita na ufukara, mpaka mbio za mitaani za Asmara zikawa jambo la kila mtu. Huko ndiko alikotoka Daniel Teklehaimanot, ambaye mwaka 2015 alivaa fulana ya kiongozi wa milimani katika Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Huko ndiko alikotoka Biniam Girmay, ambaye mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na fulana ya kijani. Eritrea si nchi tajiri kuliko Tanzania. Na hata Rwanda yenyewe, wageni waliikuta Tour du Rwanda imekwisha kuwapo tangu mwaka 1988. Mgeni alikuta chungu kiko jikoni, akaongeza kuni. Kwetu atakuta nini?

Kisingizio cha tatu kinanikera kuliko vingine, kwa sababu kinasemwa na watu waliosoma. Ati vijana wetu wana nguvu lakini hawana akili ya mchezo. Ati huondoka kwa kasi mno, hukata pumzi njiani, huanguka, hugombana. Mimi nimezitazama mbio zetu mara nyingi, na ninakubali kwamba mambo hayo hutokea. Lakini huo ni ushahidi dhidi ya nani? Mwanafunzi asiyejua kugawanya kwa sababu hakufundishwa kugawanya, mwalimu wake ndiye wa kuulizwa.

Acha nieleze kidogo, maana nadhani wengi wanaouhukumu mchezo huu hawaujui. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni upepo. Anayetangulia huupasua, na anayemfuata nyuma kwa karibu hutumia nguvu chache zaidi kwa kiasi kikubwa huku wote wawili wakienda mwendo uleule. Kwa hiyo wenye ujuzi hupokezana: huyu huongoza kwa dakika chache, kisha husogea pembeni na kurudi nyuma kupumzika, na mwingine hushika nafasi yake. Ndege wahamao wanajua jambo hili. Wavulana wa Bariadi hawalijui, maana hapana aliyewaambia. Kila mmoja hupambana na upepo wa tambarare zetu peke yake, kutoka bunduki inapolia hadi anapoishiwa. Hali kadhalika chakula. Mtu anayeendesha kwa saa nne au tano lazima ale na anywe kabla hajasikia njaa, akingoja njaa amekwisha kuchelewa. Kijana wetu hupewa maji ya chupa moja na kuambiwa awe mwanamume. Hali kadhalika kuteremka, kukata kona na kushika breki. Hata Trueba alishindwa kwenye mteremko. Yote haya hufundishika ubaoni kwa chaki, na mazoezi yake hufanyika barabarani kwa baiskeli zilezile za keria.

Miguu, kwa upande mwingine, haifundishwi kwa wiki mbili. Miguu hujengwa na miaka kumi ya kwenda shule kilomita nane na kurudi, na ya kupeleka mzigo gulioni kabla jua halijawa kali. Wazungu hutafuta watoto wa namna hii kwa vipimo na mashine. Sisi tunao kila kijiji, na tunawaambia wakanunue pikipiki kwa mkopo.

Sasa nafika kwenye kisingizio cha nne, ambacho ndicho kinachoonekana kizuri. Kinasema: mbona mbio tunazo! Mbona kila sherehe kubwa kuna mbio za baiskeli, za wanaume na za wanawake, na zawadi hutolewa! Naam, hutolewa. Napenda tuzitazame kwa makini mbio hizo.

Hutangazwa siku chache kabla. Washindani hufika na baiskeli walizonazo, wenye gia na wasio na gia wakachanganywa pamoja. Mgeni rasmi huchelewa, basi waendeshaji husimama juani saa mbili kabla ya kuanza, na huko ndiko nguvu zinakoishia. Magari na pikipiki hubaki barabarani pamoja nao. Mshindi hupewa fedha au ng'ombe, hupigwa picha na mgeni rasmi, na katika hotuba inayofuata hutajwa kama "kijana wetu". Wa pili na wa tatu hupata kidogo. Wa nne na kuendelea hurudi nyumbani na njaa. Wiki moja baadaye, ukiuliza ofisi yoyote jina la mshindi, watakumbuka jina la mgeni rasmi.

Nathubutu kusema kwamba hiyo ni burudani ya wakubwa kwa jasho la vijana. Mchezo una kumbukumbu. Aliyeshinda mwaka huu anajulikana ili mwakani atafutwe. Wa saba mwenye miaka 16 anaandikwa, kwa sababu huenda huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza akiwa na miaka 20. Muda unapimwa, ili tujue kama tunakwenda mbele au tunarudi nyuma. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji saa, kalamu, na mtu mwaminifu.

Wala mtu asiniambie kwamba Wasukuma si watu wa kuweka kumbukumbu za mashindano. Sisi ndio wenye Wagika na Wagalu! Tangu siku za Ngika na Gumha, katika karne ya 19, vyama hivyo viwili vya ngoma vimeshindana kila mwaka baada ya mavuno, na mpaka leo mzee wa kijijini atakutajia viongozi wa ngoma wa zamani, nani alimshinda nani, uwanja upi, kwa dawa gani na kwa wimbo gani. Hakuna wizara iliyowaagiza. Hakuna bajeti iliyopitishwa. Watu waliona kwamba jambo lile ni lao, wakalishika. Ikiwa tunaweza kumkumbuka mtu aliyecheza na chatu miaka 60 iliyopita, tunashindwaje kumkumbuka binti aliyetoka na baiskeli ya chuma, akawaacha wenzake wote njiani?

Namtaja binti kwa makusudi. Kwetu huku wanawake hupanda baiskeli bila mtu kushangaa, jambo ambalo mahali pengine nchini bado lina minong'ono. Hiyo ni mali. Lakini katika mashindano mengi niliyoyaona, mbio za wanawake huwekwa mwanzo watu hawajajaa, au mwisho watu wamekwisha kuondoka, na zawadi yao huwa ndogo. Ninawauliza waandaaji: barabara waliyopita wao ilikuwa fupi kwa sababu ya miguu yao au kwa sababu ya mfuko wenu?

Sasa nirudi kwa mtu wangu wa 39. Kwa nini nimemchagua yeye, nikawaacha washindi?

Nimemchagua kwa sababu ugonjwa wetu hasa ni kumpenda mshindi na kumdharau mtangulizi. Tunataka medali kutoka kwa mtoto ambaye hatukumpeleka mahali popote. Akiwa wa 39, tunasema amekwenda kutalii. Nchi iliyotulia hutazama nafasi ya 39 na kuuliza: ni nani aliyekuwa hapo kabla yake? Kama jibu ni hakuna, basi huyo amefungua mlango. Niyonshuti alipofungua mlango wenzake waliingia. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda, ambayo tangu mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kuingizwa katika ratiba ya chama cha dunia, na wageni ndio waliokuwa wakiichukua. Mwaka 2015 alishinda Jean Bosco Nsengimana, mwaka 2016 Ndayisenga tena, mwaka 2017 Joseph Areruya, mwaka 2018 Samuel Mugisha. Wanyarwanda wote. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Bingwa wa wanaume alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Mnyarwanda hakushinda. Lakini dunia yote ya mchezo huo ilikuja kupanda vilima ambavyo vijana wa viazi na abiria walikuwa wakivipanda kila siku.

Wapo watakaosema kwamba serikali hutumia michezo kujipamba, na kwamba Kigali ilikuwa na makusudi yake. Huenda. Mimi sizungumzii makusudi ya serikali yoyote. Nazungumzia mtoto wa Rwamagana aliyeona mtu wa kwao akibeba bendera, akajua kwamba jambo hilo linawezekana kwa mtu wa kwao.

Na sisi Watanzania tusijifanye hatuelewi hoja hii, maana tunayo ya kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Tunamheshimu mpaka leo, na tunafanya vyema. Baada yake walikuja Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ambao medali zao mbili za fedha za Moscow, mwaka 1980, ndizo pekee ambazo nchi hii imepata katika Olimpiki. Na Septemba hiyohiyo ya 2025, siku chache kabla ya mashindano ya Kigali, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Simbu huyo mwaka 2016 huko Rio alikuwa wa 5, na mwaka 2017 huko London wa 3. Hakutupwa alipokuwa wa 5. Kama tunaweza kuwa na subira na mkimbiaji, kwa nini mwendesha baiskeli asipewe subira hiyo?

Nisiishie kwenye kulaumu. Mwalimu anayesahihisha madaftari kwa wino mwekundu tu, bila kuonyesha jibu, hajafanya kazi. Nina madai manne, na ninayaelekeza kwa halmashauri zetu, kwa wenye mbio, na kwa sisi wazee.

La kwanza, ratiba. Mbio zifanyike kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, kati ya Juni na Agosti, pamba ikiwa inauzwa na barabara zikiwa kavu. Ziwe kadhaa, ndogondogo, wilaya kwa wilaya, kisha moja kubwa. Kijana hawezi kujiandaa kwa shindano ambalo hajui kama litakuwapo.

La pili, shule. Katika miaka yangu yote ya ualimu nilipeleka watoto kwenye UMITASHUMTA kucheza mpira wa miguu, netiboli na kukimbia, na sikuona hata mara moja mbio za baiskeli, wakati nusu ya timu ilikuwa imekuja mazoezini kwa baiskeli. Mkoa huu unaweza kuanza wenyewe, kama jambo lake, bila kungoja taifa.

La tatu, barabara. Lami tuliyoililia kutoka Mwigumbi kupita Maswa na Bariadi hadi Lamadi tumeipata, na ni baraka. Lakini mabasi na malori yanapita kwa kasi, na mwenye baiskeli husukumwa hadi kwenye changarawe na mitaro. Watu wanaumia na wengine wanakufa. Haifai kuzungumza mchezo wa baiskeli mahali ambapo mtu hawezi kuendesha kwa usalama hadi sokoni. Njia ya baiskeli kandokando ya lami katika miji na vijiji inagharimu kidogo kuliko mazishi, na watakaofaidika kwanza ni wanafunzi na akina mama, waendeshaji wa mbio baadaye.

La nne ni daftari, na hili halimngojei ofisa yeyote. Wazee wenzangu, walimu wastaafu, tumejaa mkoa mzima. Tuna macho bado, tuna saa, na tuna mwandiko mzuri kuliko wa vijana. Mbio zijazo zikitangazwa, iwe kwenye viwanja vya Nyakabindi au kwenye gulio la kijijini, wawili kati yetu wakae kwenye mstari wa mwisho. Waandike jina, umri, kijiji, aina ya baiskeli, na muda. Wasiinuke mshindi akifika. Wangoje wa pili, wa kumi, wa ishirini, wangoje hata hotuba zikianza na ngoma zikapigwa, mpaka wa 39 afike, na huyo naye waandike jina lake lote, la kwake na la baba yake.